Mutoto anashindwa kusoma: si mujinga, na kariere si dawa yake

Siku ya proklamasio kila muzazi wa kampi anaijua. Watoto wamejipanga mu kiwanja cha masomo, direktere anasoma majina, mikono inapigwa, wamama wanapiga vigelegele, kiisha majina yanakwisha na watoto wengine wanabaki wamesimama. Kati ya hao wanaobaki, karibu kila mwaka kuko mutoto moja ambaye majirani wote wanamushangaa. Ku soko anarudisha franga za mama bila kukosea. Akisikia hadisi mara moja, kesho anaisimulia yote. Radio ikiharibika, yeye njo anaifungua na kuifunga, nayo inaongea tena. Lakini buletini yake imejaa rangi nyekundu, na mwaka ujao atarudia darasa la tatu kwa mara ya pili.

Pa nyumba jibu la kwanza ni fimbo. Jibu la pili tunalijua pia: "Masomo haiko yake, aende atafute franga." Kwetu huku, Kolwezi, Likasi, Kambove, Fungurume, njia hiyo hatuna lazima ya kuuliza inafika wapi. Inafika ku kariere: kuosha mawe mu muto, kuchagua, kubeba mufuko. Sheria ya inchi inakataza mutoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi mu migodi, na kila baba anayevaa kofia ya kazi anajua kuliko sisi sababu ya katazo hilo. Mara nyingi ni umasikini unaomupeleka mutoto kule, hatutaki kudanganya mutu. Lakini kuko wale ambao kaye hazikukosa, unga haukukosa mu nyumba, na waliacha masomo kwa sababu moja tu: herufi zilikataa kuingia mu kichwa.

Kwa ajili ya hao njo tunaandika leo.

Jambo hili lina jina

Mu mwaka 1896 munganga moja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika mu gazeti la waganga la kule habari za kijana wa miaka 14, jina lake Percy. Kijana alikuwa na akili, macho yake yalikuwa mazima, mu michezo hakuwa chini ya wenzake. Hesabu alikuwa anaziweza. Lakini alifundishwa kusoma miaka mingi na ata neno fupi lilimushinda. Siku moja jina lake mwenyewe aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema kama mafundisho yote yangekuwa ya mudomo, huyo njo angekuwa wa kwanza ku masomo.

Wazazi wengi wakisikia habari hiyo watasema: huyo Percy tunamujua, anakaa pa nyumba yetu.

Waganga wanaita jambo hilo disleksia. Neno lenyewe lilitungwa na munganga wa macho wa Udachi, Rudolf Berlin. Si ugonjwa wa kumeza dawa. Si uvivu. Si alama ya akili ndogo. Ni namna ubongo wa mutu fulani unavyopata taabu kuunganisha sauti ya neno na alama yake ku karatasi. Kusema, mutoto anajifunza mwenyewe mu mikono ya mama. Kusoma, hapana, ni kazi ambayo watu walijitungia, na kila kichwa kinapashwa kuijenga upya. Mutoto wa kawaida akisikia "mukate" anaweza, baada ya mafundisho kidogo, kusikia ndani yake mu, ka, te. Mwenye disleksia anasikia neno moja zima, sawa na jiwe ambalo halipasuki. Kama hawezi kulipasua kwa sikio, atalipasua namna gani kwa macho?

Tena jambo hili linatembea mu jamaa. Baba mwenye shida hiyo, mara nyingi kuko mutoto wake moja aliyeipata pia. Kuko wababa watakaosoma ukurasa huu pole pole, kidole ku gazeti, na ambao waliachaga masomo mapema kwa fimbo na aibu, wakajua kazi ya mashine kuliko mainjinia. Hao hawana lazima ya kuelezwa zaidi.

Kuko na ndugu zake disleksia. Kuko wale ambao herufi zinaingia lakini hesabu hazikai, tano na tatu kila siku ni mupya. Kuko wale ambao mwili na mawazo havitulii, wanaanza kila kitu na hawamalizi kitu. Kuko wengine wanaosoma vizuri lakini mukono unakataa kuandika. Mutoto moja anaweza kuwa na mbili pamoja. Hapa tutasema zaidi juu ya kusoma, sababu ku masomo yetu mutoto asiyesoma amefungiwa milango yote, ata ya hesabu na ya historia.

Mbele ya yote: macho, masikio, na vumbi

Si kila mutoto anayechelewa ana disleksia. Mbele ya kutafuta mbali, tuanze na vitu vya karibu. Mutoto anayesogeza kaye karibu na pua, au anayekunja macho akitazama ubao, anapashwa kupimwa macho. Anayeuliza "nini?" kila mara, au ambaye sikio lake linatoa usaha tangu utoto, anapashwa kupimwa masikio. Malaria iliyopanda ku kichwa, au meninjite, inaweza kuacha alama mu akili ya mutoto ata baada ya homa kwisha; muzazi akumbuke kumwambia munganga kama mutoto alipitia hapo.

Kuko jambo lingine ambalo walimu wachache wanalitambua. Mutoto yuko anaandika, halafu kwa ghafula anasimama, macho yametoka mbali, sekunde chache, kiisha anaendelea sawa hakuna kitu. Mwalimu anapiga meza: "Unaota!" Haoti. Inaweza kuwa kifafa cha namna ya kimya, kisichoangusha mutu chini. Kikija mara nyingi kwa siku, mutoto anapoteza nusu ya mafundisho. Hicho kina dawa, na hospitali inajua.

Juu ya vumbi, tunaongea na nyinyi wenyewe muliomo mu kazi. Mu mwaka 2009 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa kazi waliyofanya juu ya mikojo ya watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Walikuta kobalti nyingi sana, kwa watoto kuliko kwa wakubwa, pamoja na madini mengine, na risasi ndani, ile Wafaransa wanaita plomb. Hawakusema kobalti inazuia kusoma, na sisi hatusemi. Lakini risasi, hiyo inajulikana dunia nzima: inaharibu akili ya mutoto, na Shirika la Afya la Dunia linasema hakuna kipimo kidogo ambacho ni salama. Jirani zetu wa Kabwe, mu Zambia, mugodi wao ulifungwa mu 1994 na mpaka leo udongo wa mitaa yao unabeba risasi. Kwa hiyo baba anayerudi poste ya usiku, nguo za kazi zibaki inje, mikono na nywele zioshwe mbele ya kubeba mutoto, na nguo hizo zisifuliwe mu beseni moja na za watoto. Mufuko wa mawe usilale mu chumba cha kulala. Ni kitu kidogo, haina franga.

Na kuko kitu kimoja cha aibu ambacho hatuwezi kunyamaza. Mutoto asiyeshika masomo, anayesahau, anayeongea peke yake, kuko nyumba ambamo wanamuita muloji. Wanamupeleka ku maombi, wanamunyima chakula, wanamufukuza. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumusingizia mutoto buloji, na anayefanya vile anaweza kufungwa. Kushindwa kusoma neno "oiseau" si buloji. Ata neno lenyewe lina makosa yake, tutaona sasa hivi.

Kipime kwanza kwa Kiswahili

Mutazame neno hilo "oiseau". Herufi sita: o, i, s, e, a, u. Kati ya hizo hamna ata moja inayosemwa kwa sauti yake ya kawaida. Sasa mutazame kwetu: "ndege". Kila kitu kinasemwa namna kinaandikwa. Sauti "o" Wafaransa wanaiandika o, au, eau, ot, aux, na zingine. Sisi tunaiandika o, basi. Neno "femme" linaandikwa na e lakini linasemwa na a. Mutoto wa Kenya, wa Katuba au wa Musonoi anayepambana na hayo bila kujua Kifaransa cha kuongea, anabeba mizigo miwili kwa mara moja: luga ngeni na maandiko yenye mitego.

Wanasayansi walipima jambo hilo huko Ulaya. Mu 2001 kikundi kilichoongozwa na Eraldo Paulesu kilitazama watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Mu ubongo shida ilikuwa moja kwa wote. Lakini Waitaliano, ambao luga yao inaandikwa namna inasemwa karibu sawa na Kiswahili chetu, walisoma vizuri kuliko wale wengine wawili. Maana yake kwa sisi ni kubwa: mutoto akishindwa kusoma Kifaransa, bado hatujui kitu juu yake. Akishindwa kusoma Kiswahili ata baada ya kufundishwa miaka miwili, hapo tunajua.

Kipimo hicho muzazi anaweza kukifanya ku meza, bila munganga. Mwandikie mutoto maneno anayoyajua: kisu, maji, nyumba, maharagi. Kiisha mwandikie maneno ambayo hayako popote, tumeyatunga sasa hivi: tuki, bamelo, nyafisa. Mutoto aliyeshika kusoma atasoma "bamelo" akicheka. Yule aliyekariri sura za maneno tu atasimama hapo, atabahatisha "embe" au "barabara". Halafu acha karatasi, ongea naye kwa mudomo: "Sema mukate bila mu." Anapashwa kujibu "kate". "Neno gani lingine linaanza sawa na samaki?" Mutoto wa miaka nane mwenye kusikia vizuri na kuongea vizuri, ambaye mchezo huo unamushinda kila siku, huyo anahitaji mwalimu amutazame kwa namna ingine.

Kugeuza b na d peke yake kusiwatishe. Watoto wengi wanafanya vile mpaka miaka saba, kiisha inaondoka yenyewe.

Tunajua watakaosema: tunapeleka watoto ku masomo wajue Kifaransa, Kiswahili wanakijua. Ni kweli, na Kifaransa ni lazima, maana mitihani na kazi za ofisi ni kwa Kifaransa. Lakini sheria-kadre ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 yenyewe inapatia luga zetu za taifa nafasi mu miaka ya kwanza ya darasa. Mutoto anayejenga kwanza mulango wa Kiswahili, sauti moja alama moja, anaingia mu Kifaransa na kichwa kilichokwisha kuelewa kazi ya herufi ni nini. Kwa mwenye disleksia hiyo si siasa ya luga. Ni ngazi yake.

Mwalimu anaweza nini, na watoto wamebanana namna hii?

Tangu masomo ya primere ya serikali yalifanywa bure mu Septemba 2019, madarasa yamejaa. Tulifurahi, na bado tunafurahi, lakini mwalimu moja na watoto waliokaa wanne ku benchi hawezi kukaa na kila moja nusu saa. Kwa hiyo hatutamwomba vitu vya Ulaya. Tunamwomba vitu ambavyo havimuongezei kazi nyingi.

Mutoto huyo akae mbele, karibu na ubao, mbali na mulango. Asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wote bila kujitayarisha. Hakuna kitu kinachoua moyo wa mutoto upesi kuliko kicheko cha darasa. Mwalimu amwambie leo: "Kesho utasoma mistari hii miwili", ili ajizoeze pa nyumba. Kunakili ubao muzima kunamumaliza nguvu yote bila kumufundisha kitu, kwa hiyo anakili nusu, na rafiki wa pembeni amupatie ile ingine. Akiulizwa historia au jeografia, ajibu kwa mudomo. Mwalimu atashangaa kuona mutoto aliyepata mbili juu ya kumi anajua mafundisho yote.

Kusoma kwenyewe, afundishwe kwa mwili wote. Namna hiyo ilianzishwa Marekani karibu miaka mia moja iliyopita na Samuel Orton na Anna Gillingham, na mpaka leo walimu wa watoto hao wanaifuata: mutoto anaona herufi, anasema sauti yake, na kidole chake kinaiandika, vyote kwa wakati moja. Kule wanatumia sanduku la muchanga. Kwetu muchanga haukosekani. Herufi moja au mbili kwa juma, si kumi. Kiisha silabi: ba, be, bi, bo, bu, na mutoto anapiga mukono kwa kila silabi ya neno. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za siku ya posho. Kwa hesabu, vifuniko vya chupa: tano hapa, tatu pale, mukono uguse ndipo kichwa kikubali.

Kadi ya karatasi ngumu, iliyokatwa dirisha dogo la mustari moja, inasaidia macho yasiruke ku mustari wa chini. Bei yake ni boksi ya viatu iliyotupwa.

Kurudia darasa? Tunasema wazi mawazo yetu: kumurudisha mutoto mwaka ule ule, mafundisho yale yale, kwa namna ile ile iliyomushinda, ni kupiga msumari uliopinda. Anakuwa mukubwa kati ya wadogo, anaona haya, na mwaka unaofuata haonekani tena. Kama ni lazima arudie, kitu kimoja kibadilike, ata kama ni benchi na namna ya kumuuliza.

Telefone iliyo mu mufuko wako

Wengine wakisikia teknolojia wanafikiri ordinatere na umeme usiokatika. Hapana. Chombo cha kwanza kimeshaingia mu nyumba nyingi za kampi, na usiku watoto wanakigombania juu ya michezo.

Chukua ata telefone ya vibonye, ya bei ndogo, yenye kurekodi sauti. Dada mukubwa anasoma mafundisho ya historia dakika tano, telefone inarekodi. Mutoto anasikiliza mara mbili mbele ya kulala, na asubui anajua. Haikuli mega ata moja. Mwalimu anayekubali anaweza kupokea jibu la kazi ya nyumba kwa audio ya WhatsApp pahali pa kaye. Sisi wote tunajua kutuma audio, ata bibi zetu waliobaki mu mugini wanajua.

Telefone ya Android inaenda mbali zaidi. Ingia mu Paramètres, kiisha Accessibilité. Mu telefone nyingi utakuta hapo kazi inayoanza na neno Sélectionner. Ukiifungua, mutoto anagusa maandiko ku kioo na sauti inamusomea huku maneno yakiwaka moja moja. Mutoto anafuata kwa macho na kwa sikio pamoja, na hiyo njo inamufaa. Sauti ya Kifaransa inaweza kushushwa mara moja, kiisha inafanya kazi bila intaneti. Mwendo wake upunguzwe, sababu mwanzoni inakimbia. Sauti ya Kiswahili iko pia, lakini mujitayarishe kucheka: inaongea Kiswahili cha Kenya, ile inchi ya mbali, hapana cha Kenya yetu ya Lubumbashi. Mutoto atauliza kwa nini mama huyo anasema "mtoto" badala ya "mutoto". Mumweleze, na yenyewe ni mafundisho.

Kwa kitabu cha karatasi, Google Lens inapiga picha ya ukurasa na kuusoma kwa sauti. Hiyo inaomba mega. Kwa kuandika, ku klavie ya Google kuko alama ya mikro: mutoto anaongea, maneno yanajiandika. Kiswahili kiliongezwa mu kazi hiyo mu 2017. Itakosea maneno yetu mengi, lakini kijana wa darasa la saba ambaye mawazo yake ni mengi na mukono wake unakataa, kwa mara ya kwanza ataona habari yake imejaa ukurasa.

Kuko mambo mawili ya kuangalia. Telefone ya baba inaenda kazini na baba; kwa hiyo saa ya mutoto ifuate poste, na muipange pamoja, la sivyo itakuwa leo ndiyo kesho hapana. Na telefone haifundishi kusoma. Inamusaidia mutoto asibaki nyuma mu historia na sayansi wakati bado anajifunza herufi mu muchanga. Muzazi akiacha muchanga kwa sababu telefone inasoma, amemupatia mutoto fimbo ya kutembelea akamukata muguu.

Franga za vitu hivi zitoke wapi?

Mingi ya haya haiombi franga. Lakini miwani inaomba, kipimo cha masikio kinaomba, mafundisho ya walimu yanaomba. Hapa watu wa migodi munashika kitu ambacho wengine hawana. Kode ya migodi, namna ilivyobadilishwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018, inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi, na pembeni yake kuko kaye de sharje ambayo kampuni inasikilizana na wakaaji. Mikutano hiyo inafanyika. Mara nyingi tunaomba ndani yake kuta: darasa jipya, bati, lango lenye rangi ya kampuni. Kuta ni nzuri, zinapigwa picha siku ya ufunguzi. Lakini mutoto asiyeona ubao hataona ubao wa darasa jipya vilevile. Wajumbe wa mitaa waombe munganga wa macho na masikio apite ku masomo mara moja kwa mwaka, na walimu wawili wa kila masomo wafundishwe namna ya kutambua na kusaidia watoto hao. Kwa bei ya lango moja, tunafikiri, mengi yangefanyika.

Mbele ya hapo, muende kwa direktere. Katiba mu kifungu cha 43 inasema masomo ya primere ni lazima na ni bure ku masomo ya serikali, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, haki ya kusoma ndani. Muzazi asiende na makelele. Aende na kaye ya mutoto, karatasi ya kile kipimo cha "bamelo", na barua ya hospitali kama iko. Aombe vitu viwili vitatu tu: benchi la mbele, jibu la mudomo, wakati kidogo zaidi mu mitihani ya ndani. Kama mutoto yuko darasa la sita, ombi la kusaidiwa mu ENAFEP, kwa mufano kusomewa maulizo au kuongezewa dakika, liandikwe tangu mwanzo wa mwaka na lipitie kwa direktere kwenda kwa inspektere, na muzazi abaki na kopi yenye tarehe na sahihi. Kuingoja juma la mutihani ni kuchelewa. Siku hiyo karatasi zimeshafungwa mu bahasha, na aliye mulangoni hana ruhusa ya kubadilisha kitu.